Kaburi la Moto Kusini mwa Itigi

Siku niliyokabidhiwa pori, mkuu wangu wa kanda hakunipa hongera. Alinipa funguo za gari la doria, akanivuta hadi kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Upande wa mashariki wote ulikuwa umepakwa wino mweusi.

"Hapo peusi ndipo palipoungua mwaka jana," alisema. "Mwaka juzi, hapohapo. Sasa mkuu wa pori ni wewe. Likiungua tena kiangazi hiki, urudi Singida Mjini ukakalie kiti chako."

Kiti changu nilikijua vizuri. Nilikikalia miaka mingi, kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama ukuta, nikigonga mihuri kwenye vibali vya mbao na mkaa. Nilisomea wanyamapori, lakini mnyama niliyemwona kila siku alikuwa paka wa mama muuza chai. Kila nafasi ya porini ilipotangazwa niliomba, na kila mara akapewa mwanamume. Nilipopewa mimi hatimaye, nilielewa kwa nini: wenzangu wote walikuwa wameikwepa. Pori linaloungua kila mwaka halimpandishi mtu cheo. Sikujali. Nilichukua funguo zile nikatoka bila kugeuka nyuma, na kile kiti nikakiombea mchwa.

Pori lenyewe liko kusini mwa Itigi, ukishapita vichaka vile vinene ambavyo hata mbuzi hufikiria mara mbili kabla ya kuingia. Ni pori la akiba, maana yake ni ardhi ya wanyama: hakuna kulima, hakuna kuchunga. Miti yake ni miyombo na mininga, na katikati kuna mbuga ya majani marefu ambako palahala huzalia. Kwa asiyemjua, palahala ni swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizojikunja kuelekea mgongoni, na anatembea kama anayejua kwamba anatazamwa. Nilimwona wa kwanza asubuhi yangu ya kwanza, nikiwa na mswaki mdomoni. Nilisahau kupiga mswaki.

Ofisi ilikuwa nyumba ya bati yenye redio ya mawasiliano, sola inayofanya kazi kwa kujisikia, na askari wachache waliochoka. Msaidizi wangu alikuwa kijana mwenye bidii kutoka Kilimanjaro, aliyefuata kanuni hata alipokuwa anakula. Ndiye aliyenieleza habari ya moto. Kila kiangazi, majani yakishakauka, moto huanza nje ya mpaka wa mashariki. Mtu anasafisha shamba, mwingine anachoma nyasi ili ng'ombe wapate majani mapya, mwingine ameacha kienge chake cha kurina asali kikiwaka. Upepo wa mashariki ukipuliza, moto unaingia porini, na huko hakuna wa kuuzuia.

"Dawa yake si inajulikana?" nikamwuliza. "Tukwatue ardhi mpakani, mistari miwili, tuchome majani ya katikati mapema yakiwa na unyevu bado. Moto mkubwa ukija ukute hakuna cha kula."

"Dawa inajulikana, afande. Mikono ndiyo hakuna. Mpaka ni mrefu, na sisi ni hawa unaotuona."

"Na kijiji?"

Msaidizi alitazama buti zake. "Kijiji hakiji, afande."

Nilikwenda mwenyewe kujua kwa nini hakiji. Tuliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, nikaenda nimepiga pasi sare yangu na kofia mpya kichwani. Waliokuja hawakujaza hata mabenchi. Wazee walinitazama kwa ile heshima baridi ambayo mtu humpa mgeni wa serikali akingoja aondoke. Niliwaamkia shikamoo wazee mmoja mmoja, kisha nikawasalimu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Wakaitikia, na mama mmoja aliyekaa mbele, mwenyekiti wa kitongoji kilichopakana na mpaka wetu, akakunja uso.

"Hicho Kigogo umekiokota wapi? Kwenu wapi wewe?"

"Ikungi."

"Mnyaturu?"

"Mtupu."

Mama yule alisimama, akanijia mpaka pua yake ikakaribia yangu, akaivua kofia yangu kichwani, akaivaa yeye, akakaa kwenye kiti changu. Msaidizi wangu aliruka kumkamata mkono. Nilimzuia kwa kiwiko, maana nilikuwa tayari nacheka. Yeye alikuwa ameona mtumishi wa serikali anadhalilishwa. Mimi nilikuwa nimeona mtani.

Sisi Wanyaturu na Wagogo ni watani. Nilikua nikiyaona hayo nyumbani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, ukabaki unamtukana huku mnacheka, wala hakuna kesi. Anaweza kukwambia mbele za watu maneno ambayo ndugu yako angeyasema mngekosana maisha. Hupaswi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye umeharibu.

"Huyu ndiye serikali?" mama alitangaza akiwa ndani ya kofia yangu. "Hawa Wanyaturu wanafuga kuku, wanauza wote Dar es Salaam, wao wanabaki wanalamba mlenda! Atatuambia nini?"

"Mlenda wenyewe tumejifunza kwenu," nikamjibu. "Ila wetu unavutika. Wenu unakatika kabla haujafika mdomoni."

Uwanja ulilipuka. Watu walitoka majumbani kuja kuona kuna nini, mabenchi yakajaa. Kwa muda wa kutosha kuivisha sufuria ya maharage tulipigana vijembe, na nikajiona nimeshinda. Basi nikatumia nafasi hiyo kuomba: waje watusaidie kukwatua mpaka, kabla majani hayajakauka.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa, "Moto ule ni wa serikali, mwanangu. Pori la serikali, moto wa serikali. Sisi tukiingia huko na jembe tunakamatwa. Tukiingia na mzinga tunakamatwa. Leo moto ndio umetukaribisha?"

Mizinga yao yenyewe, iliyotundikwa kwenye miti ya mpakani, iliungua kila mwaka pamoja na pori, na bado walikuwa radhi iungue kuliko kuitikia wito wetu. Watu wakatawanyika. Mama mwenyekiti akaondoka na kofia yangu, na kwa utani ilikuwa halali yake.

Nilirudi nimefura. Nilipiga teke ndoo, nikamkaripia msaidizi kwa kosa ambalo hakulifanya. Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Kila nilipoitazama ile mbuga ya palahala niliuona wino mweusi, na nyuma ya wino niliona ukuta wa dirisha langu la Singida Mjini. Nilitaka kubaki. Sikuwahi kutaka kitu namna hiyo tangu nizaliwe.

Wazo lilinijia nikifua soksi. Nilikumbuka msiba wa baba yangu mdogo. Siku ile aliyechimba kaburi hakuwa ndugu hata mmoja. Walikuwa watani. Walifika bila kuitwa mara mbili, wakachimba, wakapika, wakatukejeli tulipokuwa tunalia. Mmoja akalala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Serikali inaweza kuita watu wakakataa. Mfiwa akimwita mtani, mtani anapata wapi sura ya kukataa? Niliziacha soksi kwenye beseni nikawasha gari.

Nilimkuta mama mwenyekiti anapeta mtama, kofia yangu kichwani.

"Mtani," nikamwambia, "nimefiwa."

Ungo ukasimama. "Na nani?"

"Na pori. Limeuawa na moto mwaka jana, na mwaka juzi, na miaka ya nyuma. Halijawahi kuzikwa. Mimi ndiye mfiwa, niko peke yangu, na kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Nimekuja kuwaambia watani."

Alirudisha macho kwenye mtama. Nilidhani nimeharibu, maana kifo si jambo la kuchezea kila mahali. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mnyaturu mjinga wewe," alisema akifuta machozi ya kicheko. "Pori halijafa, si mnalala humo kila siku mnasikia linapumua? Anayestahili kuzikwa ni aliyeliua." Akaweka ungo chini. "Kaburi la moto. Hilo tutachimba."

Akasimama uani kwake, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Majirani wakatoka mbio. Aliwaeleza kwa Kigogo, nao wakaanza kupiga mayowe huku wakishika mbavu kwa kucheka.

Siku ya kazi walikuja kwa maandamano. Kina mama walitangulia na ngoma zao za muheme wamezibana mapajani kila waliposimama, nyuma yao wanaume na majembe na mafyekeo, na nyuma kabisa masufuria, kwa sababu hakuna msiba bila chakula. Wakristo walikuwepo na Waislamu walikuwepo. Mzee aliyenikatalia mkutanoni alikuja amejifunga shuka la matanga, akanipa pole kwa uso mkavu kabisa, akaniuliza marehemu ameacha watoto wangapi.

Tulikwatua. Nasema tulikwatua, maana nilitupwa nje ya kundi la wafiwa mara moja. Mama mwenyekiti alisema Mnyaturu anayejua kufua suruali ya kaki anajua na jembe. Askari wangu waliweka bunduki kwenye gari, mmoja akabaki kulinda, wengine wakashika mafyekeo. Msaidizi alinijia kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mwongozo wowote kuhusu shughuli hii. Nikamwambia mwongozo ni alie. Alijaribu. Alilia vibaya sana, kina mama wakamtunza kwa kumpaka masizi usoni, na tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyemwogopa tena.

Mstari ulisogea. Kila waliposimama kupumzika, mtu mmoja alilala kwenye udongo uliokwatuliwa akajifanya moto, wenzake wakamsomea makosa yake: umekula mizinga yangu, umekula malisho yangu, umemla kobe wa watu asiyejua kukimbia. Udongo tuliouchimba kwenye kona ya mpaka walirundika wakatengeneza tuta la kaburi, na juu yake mama mwenyekiti akaweka kofia yangu yenye nembo. Wakalizunguka wakilia, "Mkuu wa pori, tumekuzika na moto wako!" Kijana mmoja akachukua video kwa simu. Nilikuwa mtoni nachota maji, sikuiona.

Video ile ilipanda mlima ndani ya simu ya yule kijana, ikapata mtandao kabla yetu. Ikafika Itigi, ikafika Manyoni, ikafika kwenye kundi la simu la ukoo wetu Ikungi. Ndugu zangu waliona kaburi bichi, kofia ya mkuu wa pori juu yake, na wanawake wanalia. Walinipigia simu, na kule mpakani simu haishiki. Unadhani walifikiri nini?

Kesho yake tulikuwa katikati ya kazi nilipoona Noah ya abiria inakuja imejaa vumbi. Mlango ulifunguka kabla haijasimama. Mama yangu mzazi alishuka akiwa amejifunga kanga kiunoni, nyuma yake mama zangu wakubwa na wadogo, wote wanalia kilio cha kweli. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuta la udongo akajitupa juu yake.

"Mama!" nikaita.

Aligeuka. Nilikuwa nimesimama na jembe, uso mzima masizi. Alinitazama juu mpaka chini, akainuka taratibu, akaja, akanishika mashavu kwa mikono miwili kuhakikisha kwamba nina joto. Kisha akanizaba kibao mbele ya askari wangu wote.

Sikuwahi kupigwa kibao kilichonifurahisha hivyo. Nilimkumbatia akiwa bado ananipiga mgongoni, nikamweleza haraka haraka, naye akanisikiliza akitetemeka. Nilijua nimemwumiza. Alitoka Ikungi akiamini mtoto wake amekufa, na njia yote ile ni ndefu. Nilimwomba msamaha hapohapo, na yeye akasema atafikiri.

Lakini watani hawana subira. Mama mwenyekiti alishafika, akamwuliza mama yangu kama ndiye aliyemzaa huyu asiyejua hata kufa vizuri. Mama yangu alikausha machozi. Alimjibu kwa Kinyaturu, kwa kirefu, maneno ambayo siwezi kuyaandika humu kwa sababu wajukuu zake wanasoma. Mama mwenyekiti hakuelewa neno hata moja na alielewa yote. Akapiga vigelegele. Mama yangu akavua viatu, akaninyang'anya jembe, akawaambia mama zangu wadogo, "Wagogo watuchimbie sisi, halafu watutangaze nchi nzima? Shikeni majembe!"

Kuanzia hapo ilikuwa mashindano. Wanyaturu wa Noah moja upande huu, kijiji kizima upande ule, na mpaka ukasogea kwa kasi ambayo hakuna bajeti iliyowahi kuinunua. Mama yangu alikaa nami mpaka kazi ikaisha. Tulichoma majani ya katikati asubuhi zisizo na upepo, yakiwa bado na umande, watu wamejipanga pande mbili na matawi mabichi. Moto ule mdogo ulitembea polepole, ukaacha njia pana, nyeusi, safi, ikipanda na kushuka mpaka macho yanapoishia.

Kisha ukaja ule wa kweli.

Ulikuwa mchana wa upepo mkali, mwisho wa kiangazi, majani makavu kiasi cha kukatika ukiyagusa. Askari wa doria alipiga redio akisema anaona moshi mashariki, mwingi, unakuja. Nilipofika kwenye kona ya mpaka, anga lote upande ule lilikuwa la kahawia na ndimi za moto zilikuwa zinarukaruka juu ya majani marefu kuliko gari. Nilikuwa na askari wangu na pampu za maji za mgongoni. Niliwaza kwamba nimewachezesha watu ngoma bure, na kwamba huu hautasimama kwa mchoro wa jembe.

Nilisikia kelele nyuma yangu. Kijiji kilikuwa kinakuja. Sikukiita. Hakuna aliyetumwa. Walikuja mbio na matawi mikononi, wazee kwa vijana, kina mama wamejifunga kanga zilizoloweshwa maji kichwani, wakajipanga kwenye mstari wetu bila kuuliza nani akae wapi, kwa sababu kila mmoja alisimama pale alipokwatua mwenyewe. Mzee wa shuka la matanga alipita mbele yangu akanisukuma pembeni. "Hapa ni pangu," akasema.

Moto ulifika. Joto lilitusukuma nyuma hatua kadhaa, macho yakatoka machozi, cheche zikaanza kuvuka. Kila cheche iliyotua upande wetu ilikuta mtu. Walizipiga kwa matawi, kwa kanga, kwa kandambili. Ule moto mkubwa ukasimama ukingoni mwa ile njia nyeusi, ukanyanyuka, ukatafuta, ukanguruma kushoto, ukanguruma kulia. Hakukuwa na kitu cha kula. Niliuona unafupika. Ulifika magotini, ukafika vifundoni, kisha ukawa moshi tu unaotambaa chini, na upande wetu majani marefu ya manjano yalikuwa yamesimama yote, yanayumbishwa na upepo uleule.

Nilisikia watu wanahema. Mbali kidogo, kwenye mbuga, kundi la palahala lilikuwa limesimama limetugeuzia masikio, ndama wamo katikati, kisha mmoja akainama akaendelea kula.

Hapo nikapiga ukelele. Sijui nilisema nini. Mimi mtu mzima, mkuu wa pori mwenye sare, niliruka juu na jembe kama aliyefunga goli, na kijiji chote kikaruka. Mama mwenyekiti alinibeba mgongoni, kweli alinibeba, akakimbia nami juu ya majivu akitangaza kwamba anakwenda kuniuza Dar es Salaam pamoja na kuku.

Redio ya gari ilikuwa inaita. Alikuwa mkuu wa kanda. Moshi wetu ulikuwa umeonekana mbali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshazoea taarifa hizi, na nilisikia kabisa ameshika kalamu.

"Limeungua kiasi gani?" aliuliza.

"Halijaungua, afande."

"Nakuuliza kiasi gani. Nipe makadirio."

"Hakuna, afande."

"Hakuna maana yake nini?"

Kumweleza kungechukua siku nzima. Basi nikabonyeza kitufe cha redio, nikakishikilia, nikanyoosha kipaza sauti chake nje ya dirisha kuelekea kwa wale watu na vigelegele vyao, nikamwacha asikilize mwenyewe.